Sura ya Tisa: Mshale Usiopanda

Gari la Kobe lilikuwa limekaa uani mwa kituo siku ya nane sasa, pua imeelekea ukutani, na askari wenye mazoea ya kuegemea kila gari linaloletwa pale hawakuliegemea hilo. Mtu alikuwa amefia kwenye kiti cha mbele.

Inspekta alilizunguka mara mbili, jalada likiwa kwapani. Yaliyokuwamo ndani ya jalada alikwisha kuyakariri, na yalikuwa machache. Mwalimu mstaafu wa miaka sabini na mmoja, mgonjwa wa mapafu, alikodiwa gari limpeleke hospitali kubwa iliyo ng'ambo ya mlima. Huku bondeni kulikuwa na joto la kukausha mate. Kule juu, kwenye kona ya mwisho, lori lilikuwa limepinduka na kuziba njia yote. Nyuma magari yakapangana, hakuna wa kugeuza, na gari la Kobe likakwama hapo tangu saa kumi jioni hadi alfajiri, katika baridi iliyogandisha maji mtaroni. Kulipopambazuka mwalimu alikuwa amekwisha kufa. Daktari aliandika kwamba ni baridi iliyoyakuta mapafu mabovu. Mwanawe, fundi wa magari anayejulikana mji mzima, aliandikisha ya kwake: kwamba dereva alimnyima mama yake hita ili asichome mafuta, na ushahidi ni tangi, lililokutwa lina zaidi ya nusu.

Na dereva mwenyewe? Huyo waliyempa jina la Kobe kwa sababu ya mwendo wake barabarani alikuwa ametoa maneno matatu kwa siku nane. "Niliiwasha. Ikapuliza baridi." Baada ya hapo akarudisha kichwa kwenye gamba, na hakuna aliyefanikiwa kukitoa tena.

Keshokutwa angepandishwa kizimbani kwa kuua bila kukusudia. Inspekta alilijua hilo kama alivyojua kwamba leo ni Jumanne. Tangu mwanzo wa mwaka alikuwa ameshika majalada kumi na moja ya vifo, na mahali fulani kati ya la sita na la saba kitu ndani yake kilikufa ganzi. Hakuwa na huzuni wala hasira. Alikuwa na kazi.

"Koplo," aliita, akifungua ukurasa wa nne. "Umeandika hapa, 'Hita imepimwa na inafanya kazi.' Ulipima saa ngapi?"

Koplo, mtu mnene aliyebakiza miezi mitano astaafu, alikuja akifuta mdomo. "Saa sita mchana, Afande. Hapa hapa uani. Ilipuliza moto mpaka nikatoka jasho."

"Saa sita mchana hapa hata mimi natoka jasho, na sina hita. Baada ya kuwasha gari ulikaa muda gani?"

Koplo akakuna kidevu. "Niliwasha, nikaenda kwanza kunywa chai."

"Chai ya muda gani?"

"Chai ya kawaida, Afande."

Chai ya kawaida ya Koplo ilijulikana kituo kizima. Mtu angeweza kuoa na kuacha kabla kikombe hakijakauka. Inspekta alitoa kalamu, na pembeni ya neno "inafanya kazi" akaandika: *si chini ya dakika arobaini, juani, gari limesimama, hakuna upepo.* Kisha akafunga jalada.

"Ulipofungulia hiyo hita, mshale wa joto kwenye dashibodi ulikuwa wapi?"

"Katikati, karibu. Chini kidogo ya katikati."

"Baada ya dakika arobaini za jua."

"Ndiyo, Afande." Koplo aligeuka kulitazama gari. Alikuwa mvivu, lakini hakuwa mjinga. "Gari lisilo na hitilafu lingefika hapo kabla sijapata hata sukari."

*

Nyumbani kwa marehemu, mke wa fundi alikuwa anakunja nguo za mama mkwe wake na kuzipanga kitandani kwa rangi. Chumba kilinukia sabuni. Dirishani palikuwa na chupa za dawa zilizosimama kwa mstari, zimefutwa vumbi, kana kwamba mgonjwa angerudi jioni aziulizie. Huyu mkamwana ndiye aliyekuwa kiti cha nyuma siku ile, na ndiye shahidi pekee.

"Pole kwa msiba, dada," Inspekta alisema, akakaa kwenye kigoda. "Sitakuchosha. Maelezo yako yanasema dereva alizima injini."

"Alizima."

"Saa ngapi?"

"Sikuangalia saa. Giza lilikuwa limeingia."

"Kabla ya kuzima, feni ilikuwa inapuliza?"

Mwanamke alikunja gauni la buluu, akalikunjua, akalikunja upya. "Ilipuliza. Baridi tupu. Hata huku nyuma ilinifika. Alizungusha vile vitufe mpaka kimoja kikamtoka mkononi."

"Hilo halimo kwenye maelezo yako."

"Mume wangu alikuwa amekaa ubavuni mwangu nilipokuwa nayatoa." Aliangalia mlango, ingawa mlangoni hapakuwa na mtu. "Amefiwa na mama, Afande. Ningeanza vipi kumtetea mtu mwingine mbele yake?"

Inspekta aliandika. "Nani aliamua injini izimwe?"

"Sijui. Walikuwa wananong'ona, Kobe na mama. Walinong'ona muda. Mimi nilisinzia. Nilipoamka injini ilikuwa kimya, na Kobe alikuwa amekaa na fulana ya ndani tu, anatetemeka meno. Koti lake na shati lake alikuwa amemfunika mama."

Kalamu ilisimama. "Na hilo nalo hukulisema."

"Hakuna aliyeniuliza."

Ni kweli. Inspekta alirudi nyuma kurasa mbili na kutafuta swali hilo, na halikuwapo. Koplo alikuwa ameuliza habari za mafuta, za tangi, za nani alikaa wapi. Mtu anayebana mafuta havui shati lake kwenye baridi ya kugandisha maji. Lakini mahakama haihukumu kwa mashati, na wakili yeyote angesema mtu huyo alijutia kosa alipokuwa amechelewa. Hita ndiyo ingesema.

*

Kesho yake walilipandisha gari mlimani kabla ya mapambazuko. Inspekta alilitia saini kama kielelezo kinachotoka na kurudi, akaandika hata namba ya kwenye kipima mwendo. Koplo ndiye aliyeshika usukani. Pamoja na chai yake yote, huyu mtu alikuwa ameendesha magari ya jeshi la polisi miaka minne kwenye kituo cha mpakani, mahali pa baridi, ambako askari walilala na soksi mbili. Hilo Inspekta alikuwa amelipata kwenye faili lake la kustaafu.

Walifika kwenye kona ile, wakazima, wakasubiri injini ipoe kabisa. Lori lilikwisha kuvutwa. Kilichobaki ni vigae vya taa na doa la oili kwenye lami. Upepo ulikuja kutoka bonde la pili ukaingia kwenye mikono ya koti. Saa moja na robo Inspekta akagusa injini kwa kiganja. Ilikuwa baridi kama mawe ya kando ya barabara.

"Fungua mfuniko wa rejeta."

Koplo akafungua. Maji yalikuwa yamejaa mpaka shingoni.

"Andika. Maji hayakupungua." Akahamia upande wa pili. "Kitufe cha hita. Kizungushe, mimi nasikiliza."

Ndani ya dashibodi kitu kiligonga taratibu, upande mmoja kisha wa pili. Kilango cha hewa kilifunguka na kufunga kama kawaida. Nalo likaandikwa.

"Washa."

Injini ikaamka kwa mara ya pili ya kujaribu. Inspekta alitazama saa yake. Feni ikapuliza, na hewa iliyotoka ilikuwa ileile ya mlimani, imezungushwa tu. Baada ya dakika kumi akashika ile mipira miwili myembamba inayopeleka maji kwenye hita, mmoja kila mkono.

"Yote miwili ni sawasawa," alisema. "Vuguvugu, kama maji ya kuogeshea watoto."

"Basi hita haijaziba," Koplo alisema. "Ingeziba, mmoja ungekuwa moto na wa pili baridi. Maji yanapita vizuri, Afande. Ni kwamba maji yenyewe hayana moto." Akasogea mbele ya injini, akaonyesha mpira mnene unaotoka juu ya injini kwenda kwenye rejeta. "Sasa shika hapa."

Aliushika. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi, ikabidi auweke na shavu. Mpira ulikuwa na vuguvugu lilelile.

"Huo ulitakiwa uwe baridi," Koplo alisema. Uvivu ulikuwa umemtoka, alikuwa anazungumza kama mtu aliyekutana na jamaa wa zamani. "Kwenye gari lisilo na hitilafu kuna kidude, themostati, kinakaa hapa kwenye mdomo wa injini. Kazi yake ni kufunga njia. Maji hayaruhusiwi kwenda kupozwa kwenye rejeta mpaka kwanza yapate moto humu ndani. Yakishapata moto, kidude kinafunguka chenyewe. Kama hakifungi, ndiyo hivi. Ni kama unapasha maji ya kuoga huku mtu wa pili anayachota na kumwaga mengine ya baridi. Utapasha mpaka kuni ziishe."

"Na bondeni, uani kwetu, saa sita?"

"Bondeni jua linasaidia, na gari limesimama, hakuna upepo. Yatapata moto mwishowe. Hapa hayapati hata ukikaa mwaka."

Walikaa dakika hamsini. Kila baada ya dakika tano Inspekta alisoma mshale wa joto na Koplo akaandika, na kila mara aliandika neno moja: *chini*. Mshale ulikuwa umelala kwenye mstari wake wa mwisho kama umepigiliwa msumari.

Ndipo Koplo, bila kuambiwa, alipoenda kwenye buti, akachukua boksi la kubebea vipuri, akalipasua likawa bapa, akalichomeka mbele ya rejeta kuziba upepo. Hakueleza neno. Baada ya robo saa mshale ulinyanyuka upana wa ukucha. Baada ya dakika ishirini hewa iliyotoka kwenye feni ilikuwa na joto. Halikuwa kubwa. Lilikuwa la kutosha kumfanya mtu avue glavu.

"Kule mpakani tulikuwa tunafanya hivi kila asubuhi," Koplo alisema. Alikuwa anaangalia boksi, si uso wa mkubwa wake. "Boksi tu, Afande. Lilikuwa humo kwenye buti."

"Dereva wa bondeni angelijua hilo?"

"Angelijuaje? Hita yenyewe hajawahi kuigusa. Nani bondeni anawasha hita?"

Inspekta aliingia kwenye gari akakaa kiti cha mbele, kile kile, akaweka mikono mbele ya feni. Alisubiri ahisi kitu juu ya huyo bibi. Hakuhisi. Vidole tu ndivyo vilivyoanza kuuma kwa kurudiwa na damu.

*

Kilichobaki kilikuwa kufungua. Themostati huenda ilikwama tu yenyewe kwa uzee, na kama ni hivyo, hakuna mtu wa kulaumiwa, na jalada lingefungwa kwa mstari mmoja. Saa tano walikuwa uani tena. Koplo alifungua boliti mbili za kikombe cha chuma kinachofunika mdomo wa injini, pale inapokaa themostati, maji yakamwagika kwenye beseni, akachungulia.

"Hakuna kitu, Afande."

"Imevunjika?"

"Haimo. Imetolewa. Angalia, hata gasketi hii ya kuzuia maji yasivuje ni ya kukata kwa mkono."

Inspekta aliipokea ile gasketi kwa ncha za vidole. Ilikatwa kwa mkasi, kwa uangalifu mkubwa, kwenye karatasi ngumu, ikapakwa gundi nyekundu pande zote mbili. Gundi ilikuwa imebanduka kona moja, na chini yake kulikuwa na maandishi ya chapa. Akaiinua juani. *7 × 8 = 56. 7 × 9 = 63.*

Ni jedwali la kuzidisha lililo nyuma ya daftari la shule.

Alikaa na kile kipande mkononi kwa muda mrefu kuliko kilivyostahili. Ukiona vyaelea, vimeundwa, na mji mzima huu ulikuwa na gereji saba. Alikwisha kujua aende ipi. Kwa ajili ya jalada alipita kwanza kwenye nyingine mbili zilizo njiani, akaulizia gasketi zao wanazikata kutoka kwenye kitu gani. Wa kwanza alitumia vipande vya mpira, wa pili maboksi ya sabuni. Akaandika yote.

*

Fundi alikuwa amekaa kwenye tairi, ananoa mkasi. Tangu siku ya pili ya mazishi alikuwa gerejini, na watu walimsema, lakini alikuwa amemjibu kila mmoja jibu moja: "Nikikaa nyumbani naona ukuta." Alikuwa mtu mrefu wa miaka arobaini na kitu, mwenye ovaroli safi kuliko la fundi yeyote mwingine. Kando yake, juu ya kreti, palikuwa na rundo la madaftari ya zamani, majalada yake yamepauka.

"Afande. Keshokutwa imekuwa kesho."

"Imekuwa kesho," Inspekta alikubali. Akavuta kreti la pili, akakaa. "Hayo madaftari?"

"Ya mama. Ya wanafunzi wake, ya miaka na miaka. Alikuwa hatupi kitu. Karatasi ngumu ikiniishia nilikuwa namwomba, ananichagulia. Ananiambia, kata haya, ila usinikatie yenye alama za juu." Alijaribu mkasi kwa kidole gumba. Sauti yake ilikuwa tambarare, haikupanda wala kushuka. "Yule amesema lolote?"

"Bado maneno yale matatu."

"Mwongo huyo. Njia ya mwongo ni fupi, atafika tu. Mama alimfundisha darasa la pili, unajua? Alikuwa anakula kwetu. Na bado akamwacha afe kwa ajili ya mafuta."

Inspekta aliliacha hilo lipite. "Nina swali la kazi. Ukimtengenezea mtu gari, vitu ulivyotoa unavipeleka wapi?"

Kwa mara ya kwanza uso wa fundi ulipata uhai kidogo. Hilo lilikuwa swali alilolipenda. Alisimama, akamwongoza hadi nyuma, kwenye rafu yenye madebe ya rangi yaliyooshwa. "Mji huu mafundi wanasemwa kwamba wanaiba vipuri. Mimi hakuna wa kunisema. Nikitoa kitu kwenye gari lako, hata kikiwa kibovu cha kutupwa, nakiandika namba ya gari kwa rangi nyeupe, nakiweka. Ukikitaka baada ya miaka mitano, njoo uchukue. Plagi hizi. Beringi hizi. Themostati hizi hapa."

Debe la themostati lilikuwa limejaa nusu. Zilikuwa kama vikombe vidogo vya shaba, kila kimoja kina namba.

"Ni nyingi," Inspekta alisema.

"Kila gari linalochemsha naitoa. Si mimi tu, Afande, ni mafundi wote wa huku. Joto letu hili, ukiacha kitu kinachozuia maji, unatafuta nini? Toa, maji yapite huru, gari halichemshi tena. Watu wananishukuru mpaka leo."

Inspekta aliingiza mkono debeni. Ilimchukua muda. Alipoipata hakuisoma yeye. Aliiweka kwenye kiganja cha fundi, namba juu.

"Nisomee hii ni ya gari gani."

Fundi aliigeuzia mwangani. "Mia nne kumi na nane. Hii ni ya Kobe. Mwaka juzi, lilikuwa linachemsha kila akipanda kilima cha sokoni. Nilimtolea bure, wala sikumchaji. Hii si kitu, Afande. Hiki ni kidude cha nchi za baridi. Huku kwetu hakina ka..."

Hakumaliza.

Nje mtu alikuwa anagonga bodi ya gari kwa nyundo, akaacha, akaendelea. Fundi alibaki ameangalia namba aliyoiandika mwenyewe, kwa mwandiko wake mzuri, ule aliofundishwa na mama yake. Alikuwa fundi hodari, hakuhitaji kuelezwa. Inspekta aliona hesabu yote ikipita usoni mwake hatua kwa hatua: maji, rejeta, upepo wa mlimani, feni, kiti cha mbele. Ilipofika mwisho uso haukubadilika. Ulizimika tu.

"Nitahitaji saini yako," Inspekta alisema, "kwamba umenikabidhi."

Alitia saini pale alipoonyeshwa. Alipomrudishia kalamu, alimrudishia kwa mikono miwili.

*

Mahabusu ilikuwa na benchi moja na mwanga wa kidirisha kimoja. Kobe alikaa palepale alipokaa siku tisa, magoti pamoja.

"Unatoka leo," Inspekta alimwambia. "Themostati haikuwemo. Hita isingeweza kupata moto kule juu. Hukuwa na kosa."

Alitegemea shukrani, au kilio, wengi hulia. Kobe aliinua kichwa kwa hofu. "Umemwambia?"

"Nani?"

"Unamjua nani."

"Sikumwambia. Amejiambia mwenyewe."

Kobe alifunga macho. Alikaa hivyo mpaka Inspekta akadhani gamba limefungwa tena. Kisha akaanza kusema, polepole, kama anavyoendesha.

"Nilijua kulekule juu. Mshale haukupanda. Nikaangalia, nikaangalia, nikakumbuka kidude alichokitoa. Nikatikisa kichwa. Mwalimu akaniuliza, wewe unatikisa kichwa una nini? Sijawahi kumdanganya mwalimu. Nikamwambia." Alilamba midomo. "Akasema, basi zima huo upepo, unanizidishia. Nikazima. Halafu akanishika mkono, akasema, mwanangu asijue. Akanifanya nirudie, kama darasani. Nikarudia. Mwanao hatajua."

"Ungefungwa miaka."

"Ningefungwa." Alilisema kama jambo la kawaida. "Mimi ningetoka siku moja, Afande. Yeye angetokea wapi?"

Daftari la maelezo lilikuwa limefunguka mapajani mwa Inspekta, kalamu juu yake. Ukurasa ulikuwa mweupe. Hakukumbuka lini aliacha kuandika.

*

Saa kumi fundi alifika kaunta, amevaa ovaroli lilelile, kuja kuondoa malalamiko yake. Koplo alimwekea fomu. Kobe alikuwa upande wa pili wa kaunta, amerudishiwa mkanda na funguo zake, anahangaika na tundu la mkanda kwa sababu alikuwa amekonda. Wale wawili hawakutazamana.

Fundi alisoma fomu yote, mstari kwa mstari, hadi chini. Kisha akainua macho kwa Inspekta.

"Mke wangu anasema walikuwa wananong'ona. Muda mrefu." Aliiweka fomu kaunta. "Mama alijua?"

Ofisi ilikuwa na watu wanne na saa ya ukutani. Inspekta alikuwa ameulizwa maswali na wafiwa kumi na mmoja mwaka huo, na wote aliwajibu kilichomo kwenye jalada, si zaidi. Sasa alitafuta ganzi yake, ile iliyomsaidia mwaka mzima, na hakuiona mahali pake. Alichokikuta hapo kilikuwa huruma nzito.

"Hapana," alisema. "Hakujua."

"Walinong'ona nini, basi?"

Ni Kobe aliyejibu, bado ameinamia mkanda wake.

"Alikuwa ananitania. Kwa mwendo wangu. Aliniambia, ningepanda konokono, saa hizi ningekuwa nimelazwa na nimeshapona." Alipenyeza mkanda kwenye tundu. "Akacheka. Halafu akalala. Hakujua kitu, kaka. Alilala usingizi wa kawaida tu."

Fundi alimtazama mtu aliyemweka ndani siku tisa. Alitazama vifundo vya mikono yake vilivyochubuka kwa baridi ya usiku ule, na fulana ambayo juu yake hapakuwa na koti. Midomo ilimtetemeka kwa namna ya mtu anayetaka kucheka neno la mama yake na hawezi, na hapo, mbele ya kaunta, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, akalia. Kobe alizunguka kaunta akamshika. Hakuharakisha.

Koplo alikuwa ameinamia kitabu cha matukio, kalamu mkononi. Alijua kuhesabu dakika mtu akimtaka azihesabu, na alikuwa ameona ukurasa mweupe ambao Inspekta alitoka nao mahabusu baada ya dakika nyingi.

"Niandike hivyo, Afande?" aliuliza chini kwa chini. "Kwamba marehemu hakujua?"

"Andika hivyo," Inspekta alisema, na akatia saini yake chini.